Sura ya Sita: Toleo Lililo Mkononi

Filamu ya Black Panther ilipotoka mwaka 2018, na Mkenya mwenzetu Lupita Nyong'o akiwa ndani yake, vijana wengi walitoka sinema na kiu ya kuijua Wakanda zaidi. Wakaanza kutafuta vitabu vya katuni vilivyoizaa filamu ile, na swali lao la kwanza likawa: namba moja iko wapi?

Swali hilo nalisikia bado nizungumzapo na wasomaji wa Mji wa Kale wa Mombasa, watoto kwa wakubwa. Mtu ameshika toleo la arobaini la mfululizo fulani, alilolipata kwenye meza ya vitabu vikuukuu upande wa Marikiti au aliloachiwa na binamu aliyekuja likizo kutoka Dubai. Analigeuza, anasoma namba ya jaladani, kisha analirudisha chini. Anaona amechelewa. Anaona wenye hadithi yao wako mbele, naye hana ruhusa ya kuingia mpaka alipe deni la matoleo thelathini na tisa. Sura hii nimeiandika kwa ajili ya mtu huyo, na nia yangu ni kumrudishia lile toleo mkononi.

Tuanze na hiyo namba moja anayoililia. Black Panther ana namba moja nyingi, kwa sababu kila baada ya miaka kadhaa wachapishaji wa Marvel huanza kuhesabu upya ili kuvuta wanunuzi. Iliyokuwa karibu zaidi wakati wa filamu ni ya mwaka 2016, iliyoandikwa na Ta-Nehisi Coates na kuchorwa na Brian Stelfreeze. Ukiifungua unamkuta mfalme T'Challa wa Wakanda, ndiye Black Panther mwenyewe, amerejea kwenye kiti chake akiwa na majonzi. Nchi yake ilikwisha kughariki, ilikwisha kuvamiwa, dada yake Shuri hayumo tena miongoni mwa walio hai, na raia wameanza kuasi. Hayo yote yalitokea zamani kidogo, katika vitabu vingine vyenye majina mengine. Jaladani pameandikwa moja, ndani hadithi iko mbali sana na mwanzo wake.

Basi rudi nyuma hadi siku mhusika huyu alipoonekana mara ya kwanza, katika Fantastic Four namba 52 ya Julai 1966, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby. Hapo napo huupati mwanzo. T'Challa tayari ni mfalme, tayari ana mitambo yake ya ajabu, na amewaalika wageni wanne kutoka Marekani ili awawinde na kujipima nguvu. Kisa cha baba yake T'Chaka, aliyeuawa, kisa kilichomfanya mtoto awe alivyo, kinasimuliwa katika toleo linalofuata, namba 53, wageni wakiwa wameketi kumsikiliza. Waliomvumbua mhusika wenyewe walituingiza kwake katikati, kisha ndipo wakatupa chanzo.

Na Killmonger, yule adui ambaye watazamaji wengi walitoka sinema wakimhurumia? Huyo alizaliwa katika gazeti lililoitwa Jungle Action, namba 6, Septemba 1973. Namba moja hadi nne za gazeti hilo zilikuwa marudio ya hadithi za miaka ya hamsini, za wazungu waliojifanya mabwana wa misitu ya Afrika, na Waafrika wakiwa kivuli tu nyuma yao. Namba tano ilikuwa marudio ya kisa cha zamani cha Black Panther. Don McGregor, aliyekuwa akifanya kazi ya kusahihisha maandishi pale Marvel, alichukizwa na marudio yale na akalalamika, hatimaye akapewa gazeti aliandike yeye. Kuanzia namba 6 mpaka 18, mwaka 1975, akaandika hadithi moja ndefu, "Panther's Rage", na sehemu yake kubwa ikachorwa na Billy Graham, mchoraji Mwamerika Mweusi. T'Challa anarudi nyumbani baada ya kukaa Marekani muda mrefu, na anaikuta nchi imechafuka. Watu wana hasira naye kwa mambo ambayo hakuwepo yalipotokea, na humo humo katika toleo la kwanza la kisa hicho Killmonger anamshinda na kumtupa chini ya maporomoko ya maji. Msomaji na mfalme wanajifunza pamoja nini kimeharibika.

Mwenye kung'ang'ania kuanza na namba moja ya Jungle Action angepata dharau. Mwenye kuokota namba 6 angepata mojawapo ya hadithi bora kabisa za katuni za miaka ile.

Hapa kwetu kuanza katikati si jambo geni. Mombasa ni kisiwa, na kwa karne nyingi maandishi yameingia kwa mlango wa bandari, kwa mpangilio aliotaka Mungu na mabaharia. Kati ya mwaka 1968 na 1972 gazeti lililosomwa kwa pupa na vijana kutoka Lagos hadi Afrika Mashariki lilikuwa African Film, la kampuni ya Drum. Halikuchorwa. Lilikuwa la picha za kamera zilizopangwa kwa visanduku, maneno yakiwa ndani ya viputo vinavyotoka midomoni mwa wahusika. Shujaa wake, Lance Spearman, wasomaji walimwita Spear tu: mpelelezi Mwafrika, kofia ya majani kichwani, tai ya kipepeo shingoni, sigara nene mdomoni, gari la Stingray likimngoja nje. Picha zilipigwa kusini mwa Afrika, na gazeti likasafiri nchi nyingi kabla ya kumfikia mnunuzi. Tena baada ya mnunuzi kulikuwa na ndugu zake, na marafiki wa ndugu zake. Toleo likishapita mikono kumi, jalada limekwisha ng'oka na namba haionekani. Kizazi kizima cha wasomaji wa Spear kilimsoma mtu yule bila kujua toleo gani lilitangulia lipi, na hakuna aliyeona amenyimwa kitu.

Hawakupotea kwa sababu waliotengeneza gazeti walijua litasomwa hivyo. Kila kisa kilijitosheleza, kikianza kwa uhalifu na kumalizika kwa mhalifu kukamatwa au kutoroka. Adui kama Rabon Zollo aliweza kurudi tena na tena, na kila aliporudi sura yake ilitosha kukuambia huyu ni hatari. Ile kofia na ile tai zilifanya kazi ambayo mwandishi wa riwaya angehitaji kurasa tatu kuifanya. Hapa ndipo hadithi ya picha inapoizidi riwaya kwa ukarimu. Ukifungua riwaya ukurasa wa mia mbili huna pa kushika. Ukifungua katuni ukurasa wowote, macho yanakuonyesha nani mkubwa na nani mdogo, nani anaogopa, nani anaficha kitu mgongoni. Mchoraji hawezi kumleta mhusika kisandukuni bila kumvika nguo na kumpa uso, kwa hiyo kila kisanduku kinamtambulisha upya.

Jim Shooter, aliyekuwa mhariri mkuu wa Marvel kuanzia 1978 hadi 1987, aliwasisitizia waandishi wake kwamba kila toleo ni la kwanza kwa mtu fulani, na akawataka waandike kwa kumfikiria mtu huyo. Faraji Katalambulla, mwandishi wa riwaya ya Simu ya Kifo, alifikia hekima iyo hiyo kwa njia yake alipoanzisha Film Tanzania, hadithi za picha za aina ya Spear lakini kwa Kiswahili na kwa mitaa ya kwao. Na wachoraji wa gazeti la Sani la Dar es Salaam hawakuhitaji kuambiwa: ukikutana na Lodi Lofa au Ndumilakuwili, jina na umbo vimekwisha kukupa nusu ya kisa. Huku kwetu Kenya, Edward Gitau alimchora Juha Kalulu katika Taifa Leo kwa miongo kadhaa, na sidhani kuna msomaji aliyewahi kuuliza Juha alianza lini kabla ya kucheka.

Kuna nusu ya pili ya jambo hili, nayo haimo ndani ya gazeti. Iko kwa wasomaji wenzako.

Mji wa Kale una mazoea marefu ya kupokea maneno ambayo mwanzo wake haupo. Mshairi wake mkubwa, Muyaka bin Haji, aliyefariki karibu mwaka 1840, hakutunga ili asomwe kitabuni. Alitunga akijibu. Kulikuwa na ugomvi kati ya Mombasa ya watawala wa Kimazrui na Lamu, kulikuwa na Sayyid wa Oman na tamaa yake juu ya kisiwa, kulikuwa na washairi wa upande wa pili, akiwemo Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu, ambao walitupa beti nao wakatupiwa. Ukichukua shairi moja la Muyaka peke yake, umeingia katika mazungumzo ambayo tayari yamepamba moto. Unahisi makali, hujui yanamkata nani.

Aliyeokoa mashairi hayo ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi. Mwishoni mwa karne ya 19 aliyakusanya kutoka vinywani mwa watu, akishirikiana na Mwingereza W. E. Taylor. Kilichoyafanya yasomeke leo ni kwamba Mwalimu Sikujua hakuishia kwenye beti. Alieleza pia shairi lilitungwa kwa sababu gani na lilimlenga nani. Mwaka 1940 William Hichens akachapa diwani, na mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz akatoa kitabu chake juu ya Muyaka, akayarudishia mashairi mazingira yake kwa upana zaidi. Tangu Mwalimu Sikujua hadi Abdulaziz, kazi imekuwa moja: kumkalisha mgeni na kumwambia ugomvi umefika wapi.

Nani leo anafanya kazi hiyo kwa katuni? Ni yule kijana mmoja katika kila mtaa ambaye amesoma zote. Kibokoni yuko, Kuze yuko, hata ukienda ng'ambo Likoni utampata. Nina ombi kwake. Mgeni akija barazani watu wakiwa katikati ya mazungumzo, hakuna anayeyaanza upya kwa ajili yake. Anatoa salamu, anasogezewa nafasi na kikombe cha kahawa, na jirani anamnong'oneza maneno mawili matatu: huyu anamsema fulani, wamekosana kwa ajili ya nyumba. Basi, anaendelea mwenyewe. Mweleze hivyo hivyo mwenzako anayeanza katuni. Mwambie nani ni nani na wanatafuta nini, kisha nyamaza. Kuna waelezaji wanaomwaga miaka ishirini ya matoleo kwa mkupuo mmoja, pamoja na nani atakufa na nani atafufuka, na wanadhani wamesaidia. Wamemuua msomaji. Nimeona watoto wenye hamu wakigeuka wakiwa wamechoka kabla hawajasoma kisanduku kimoja, na hilo linaniuma, kwa sababu aliyewachosha alikuwa akiipenda hadithi kuliko mtu yeyote.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike sura hii, maana kuhusu kuchelewa nimesema ya kutosha. Tumezoea kumhesabu msomaji anayeingia katikati kwa vile alivyovikosa. Mara chache tunahesabu vile anavyokuja navyo.

Mchukue The Phantom. Lee Falk alianza kumwandika tarehe 17 Februari 1936 katika magazeti ya Marekani, na tangu hapo amesomwa dunia nzima. Huko India mfululizo wa Indrajal ulianza naye mwaka 1964 na ukaendelea hadi 1990. Ni hadithi iliyojengwa ili watu waingie popote. Phantom tunayemsoma ni wa 21. Mavazi ni yale yale, pete ya fuvu ni ile ile, baba akifa mwana anarithi, na maadui wanadhani ni mtu mmoja asiyekufa. Kila mara mwandishi anarudia kisa cha asili kwa visanduku vichache: meli ilishambuliwa na maharamia, baharia mmoja kijana akatupwa na maji ufukweni Bangalla, wenyeji wakamtunza, naye akaapa juu ya fuvu la muuaji wa baba yake kwamba yeye na uzao wake watapigana na uovu. Katika masimulizi yaliyokuja kukubalika, mwaka huo ni 1536. Bangalla yenyewe ilihamahama, mwanzo ikielekea Asia, baadaye ikatulia Afrika.

Mtoto wa New York aliyesoma hayo aliona ufukwe mtupu na msitu nyuma yake, ukimngoja mzungu mmoja aje auletee haki. Mtoto wa Mji wa Kale anaweza kuufungua ukurasa huo huo, bila kujua toleo la ngapi, na akasimama kwenye ile tarehe. Mwaka 1536! Ibn Battuta alikuwa amekwisha pita Mombasa miaka mia mbili nyuma, mwaka 1331, akaeleza habari za watu wake na misikiti yao. Vasco da Gama alikuwa amefika mwaka 1498. Francisco de Almeida alikuwa ameuchoma mji mwaka 1505, na Nuno da Cunha ameuteka tena na kuuharibu mwaka 1528 na 1529. Miaka saba tu kabla ya kijana wa Lee Falk kutupwa mchangani, watu wa Mombasa walikuwa wakizika maiti wao na kuinua upya nyumba zao za mawe, kwa sababu ya watu waliokuja kwa meli kutoka upande ule ule alikotoka shujaa wetu. Wareno walikuwa bado hawajaanza kuijenga Ngome ya Yesu, kazi waliyoianza mwaka 1593.

Msomaji huyo hahitaji matoleo ya mwanzo ili ayaone hayo. Anahitaji kuwa amekua karibu na ngome na kusikiliza wakubwa. Ameingia katikati ya hadithi ya Falk, na Falk ameingia katikati ya hadithi yake. Anaweza kuendelea kusoma kwa raha, kwa kuwa Phantom ni hadithi yenye mwendo mzuri na vituko, lakini anasoma akiwa na swali ambalo msomaji wa kwanza kabisa, aliyelishika gazeti siku ile ya Februari 1936, hakuweza kuliuliza. Kwangu mimi huo ndio usomaji kamili zaidi, ingawa umekuja wa mwisho.

Nichukue mfano mwingine mdogo, wa hapa hapa kwetu. Katuni za Kijapani hufunguliwa kutoka upande ambao sisi tungeuita wa nyuma, na visanduku husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Wasomaji wengi wa Ulaya walitaabika nazo mwanzoni, hata wachapishaji wakawa wanazigeuza picha kama zinazotazamwa kwenye kioo, panga la shujaa likahamia mkono wa kushoto. Mtoto aliyesoma chuoni Mji wa Kale amefungua msahafu kutoka kulia tangu hajajua kuhesabu. Mkono wake unajua njia. Mpe One Piece ya Eiichiro Oda, iliyoanza Julai 1997 na kuvuka juzuu mia moja, na kwa upande huo hana taabu yoyote.

Kinachomtisha ni zile juzuu mia. Hapo namshauri atafute mlango aliouweka Oda mwenyewe. Baada ya sura ya 597 mwandishi alipumzika wiki nne, na sura ya 598, ya mwaka 2010, inafunguka miaka miwili imepita katika maisha ya wahusika. Kila mmoja alikuwa ametawanyika mahali pake, kila mmoja anarudi na sura mpya na ujuzi mpya, na wanaanza kukusanyika tena mmoja mmoja. Msomaji mgeni anatambulishwa kwao wakati wanapotambuana wenyewe. Kitabu chenye sehemu hiyo ni juzuu ya 61. Mfululizo mrefu karibu wote una milango ya namna hii: mwandishi mpya anapokabidhiwa, shujaa anaporudi safari, kizazi kinapobadilika. Tafuta mlango, uache ukuta.

Hapa Kenya tunao mfululizo uliokuwa karibu wote milango. Shujaaz ilianza Februari 2010, ikatolewa bure, ikaingizwa ndani ya Daily Nation na kugawiwa pia kwenye vibanda vya M-Pesa. Mwaka 2012 ikapata tuzo ya kimataifa ya Emmy kwa kazi za dijitali za vijana. Boyie, kijana aliyemaliza shule na kukosa kazi, anaendesha kituo cha redio cha siri kutoka chumbani kwake. Wengine, kama Malkia na Maria Kim, wana visa vyao ndani ya gazeti hilo hilo. Kitu kinachotolewa bure hakina mteja wa kudumu anayehifadhi namba. Gazeti limefungiwa maandazi, limefunikiwa meza; mwezi huu umelipata, mwezi ujao hukulipata. Waandishi wake walilazimika kumwandikia mtu aliyeliokota leo na ambaye huenda asilipate kesho, na kwa maoni yangu ndiyo maana visa vyake vilikuwa vyepesi kushika hata kwa msomaji wa kisiwani ambaye Sheng ya Nairobi ilimchenga hapa na pale.

Nisije nikaeleweka kwamba kila kitu kiingiwe popote. Kuna kazi zilizojengwa kama hesabu, kila hatua ikisimama juu ya iliyotangulia. Watchmen ya Alan Moore na Dave Gibbons, sehemu kumi na mbili za mwaka 1986 na 1987, ni ya namna hiyo. Picha ya ukurasa wa kwanza inafanya kazi hadi wa mwisho, na anayeanza sehemu ya saba amejidhulumu. Bahati nzuri kazi za aina hii huwa fupi, na siku hizi huuzwa zikiwa kitabu kimoja, kwa hiyo swali la pa kuanzia halizuki. Kati ya vitabu vya Tintin, The Secret of the Unicorn na Red Rackham's Treasure vishike kwa jozi, wala usikianze cha pili bila cha kwanza. Vingi kati ya vilivyobaki viko huru.

Nimetaja Tintin, na kwake ndiko ningependa kumpeleka msomaji wa Mombasa, tena kwa mlango ambao wajuzi wengi wangemkataza. Ni The Red Sea Sharks, cha mwaka 1958. Watamkataza kwa sababu Hergé, mwandishi wake, alikijaza watu wa vitabu vya nyuma. Jenerali Alcazar yumo, Rastapopoulos yumo, Castafiore yumo, mtoto mtundu Abdullah na baba yake amiri wamo, na mgeni hamjui hata mmoja. Lakini tazama kisa chenyewe. Tintin na rafiki yake Nahodha Haddock wamo ndani ya meli inayoitwa Ramona, kwenye Bahari ya Shamu. Meli inashika moto usiku, na mkuu wake, mtu anayeitwa Allan, anaondoka kwa mashua pamoja na mabaharia wake na kuwaacha waliomo wafe. Nahodha Haddock anaichukua meli, moto unazimwa, na ndipo wanapogundua kwamba chini mna Waafrika, Waislamu waliolipa nauli wakaambiwa wanapelekwa Makka kuhiji. Wanakwenda kuuzwa. Haddock anapowaeleza, wengine hawamwamini: wamelipia Makka, na Makka ndiko waendako. Kati yao yuko mzee anayekumbuka vijana wa kijijini kwake waliokwenda wasirudi.

Msomaji wa Brussels alihitaji kuelezwa Bahari ya Shamu ni nini na kuhiji ni nini. Hapa ni bandari ambayo watu wake wamesafiri kwenda Jidda kwa majahazi na kwa meli, na ambayo historia yake ya biashara ya watumwa bado inauma kuitaja. Majina ya wale wahusika wa zamani ni kitu kidogo sana mbele ya hilo. Mgeni wetu atamkosa Alcazar, lakini ataielewa Ramona kuliko wengi waliousoma mfululizo wote kwa utaratibu. Ataona pia jinsi Hergé alivyowaandikia Waafrika wale lugha ya kitoto, akalaumiwa, na baadaye akayarekebisha mazungumzo yao. Hilo nalo atalipima kwa mizani yake.

Akimaliza, akitaka, arudi hadi The Crab with the Golden Claws cha mwaka 1941. Huko Allan ni msaidizi tu kwenye meli nyingine, Karaboudjan, na nahodha wa meli hiyo ni mlevi aliyefungiwa chumbani na chupa zake ili asijue kwamba afyuni inapitishwa ndani ya makopo ya kaa. Anatia huruma. Akipata mwanya anawasha moto ndani ya mashua waliyotorokea, kwa kuni za makasia, eti apate joto. Aliyeanza na kitabu hiki alimwona mzigo tu, na huenda alitamani Tintin amwache jangwani. Msomaji wetu anamjua tayari. Amekwisha kumwona akisimama juu ya meli inayoungua, akiwa na akili zake zote, akihangaika kuwaokoa watu ambao Allan huyu huyu amewaacha.